Kalenda B

Dirisha la karani lilikuwa na tundu chini la kupitishia karatasi, na mpiga pasi alilazimika kuinama ndipo sauti yake ipite. Aliinama. Mkono wake wa kulia ulikuwa na alama za kuungua kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, mpya juu ya za zamani.

"Mdogo wangu, niangalizie Alhamisi."

Karani hakuhitaji kuangalia. Alhamisi ilikuwa sikukuu ya taifa, nchi nzima ilijua, hata kuku walijua. Kompyuta iliyokuwa mbele yake ndiyo haikujua, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeipangia isijue. Programu ya mishahara ilikuwa na kalenda mbili. Kalenda A ilikuwa ya watu wa ofisini, na sikukuu zote zilikuwamo kwa rangi nyekundu. Kalenda B ilikuwa ya ukumbi wa kufulia, wanawake arobaini na mmoja waliofua na kupiga pasi mashuka ya hoteli na hospitali, na huko mwaka mzima ulikuwa mweupe pee. Kama hakuna sikukuu, hakuna malipo ya ziada wala siku ya kufidia. Asiyekuja ni mtoro. Mkaguzi wa kazi akija anaonyeshwa A, anakunywa soda, anaondoka zake.

"Uko zamu, dada. Saa moja asubuhi."

"Niliomba ruhusa tangu mwezi uliopita."

"Nilipeleka ombi lako. Limekataliwa."

Binti wa mpiga pasi, wa miaka tisa, alikuwa bwenini kwenye shule ya viziwi, na shule ile iliwafungulia wazazi geti siku za sikukuu tu, saa nne hadi saa kumi. Mwaka huu mama mtu alikwenda mara mbili bila ruhusa. Mara mbili programu ikamwandikia barua ya onyo, yenyewe, bila mtu kugusa kitu. Ya tatu ikitoka, kazi hakuna.

"Sikukuu iliyopita nilitii, nikaja kazini," akasema. "Matroni akaniambia mtoto alishikilia nondo za geti mpaka wakambandua. Yule hasikii, mdogo wangu. Huwezi kumpigia simu ukamdanganya."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitakwenda."

Hakupandisha sauti. Aligeuka akarudi kwenye mvuke wake, na karani akabaki na hasira. Wala hakumkasirikia meneja peke yake. Ni yeye aliyeijaza ile kalenda, Januari hadi Desemba, huku akitafuna karanga. Mwezi wa nne alijaribu kuwa muungwana, akatia sikukuu moja kwenye B. Kabla ya chakula cha mchana meneja alikuwa amesimama mezani kwake.

"Binti, hospitali zina sikukuu?"

"Hazina, bosi."

"Mgonjwa akilowesha shuka leo, lisubiri kesho?"

"Halisubiri. Lakini anayelifua, sheria inampa siku nyingine."

"Sheria iko kwenye Kalenda A," meneja akasema, wala hakuwa anatania. "Iondoe hiyo."

Aliiondoa. Tangu hapo meneja aliikagua B kila wiki, tarehe moja baada ya nyingine. Ila majina hakuyakagua. Nani angehangaika kutazama kama jina la meneja liko mahali pake?

Siku ile ile, Jumanne, karani alifungua orodha ya wafanyakazi, akalitafuta jina la juu kabisa, akalitoa A akaliweka B. Mibofyo miwili tu. Kisha akaenda kunywa maji.

Alhamisi wanawake arobaini waliingia kazini. Mpiga pasi alikwenda kwa mwanawe. Meneja naye alilala mpaka saa tatu, kama ilivyo haki ya kila mtu siku ya sikukuu.

Ijumaa asubuhi printa ilitoa barua mbili. Karani alizichukua zingali na joto, akamwita mpiga pasi, wakaingia wote wawili ofisini kwa meneja. Kila mwenye barua akapewa yake.

Meneja aliisoma, akacheka, akairudia, akaacha kucheka.

"Onyo la kwanza? Mimi? Mashine imekosea."

"Imekosea wapi, bosi?" karani akauliza.

"Jana ilikuwa sikukuu, binti. Nchi nzima ilipumzika."

Mpiga pasi aliilaza barua yake mezani, ubavuni mwa ile nyingine. Maneno yalikuwa yale yale, isipokuwa yake ilisema onyo la tatu na la mwisho.

"Basi na yangu imekosea," akasema.

"Yako ni tofauti."

"Tofauti iko wapi? Nionyeshe kwa kidole, bosi. Macho yangu yameharibiwa na mvuke."

Meneja aliisukuma barua yake pembeni. Alimgeukia karani. "Ni wewe umenihamisha."

"Ni mimi. Nilitaka uionje siku moja."

"Nirudishe. Na hii barua uifute."

"Kwenye kompyuta yangu barua moja haifutiki. Nikiitambua sikukuu kwenye B, zinafutika zote mbili. Nikiiacha, zinabaki zote mbili. Chagua."

Ilikuwa kweli, na ndiyo karata pekee aliyokuwa nayo. Meneja alivuta simu, akaipigia kampuni iliyowauzia programu, akafungua sauti ili wasikie. Kijana wa upande wa pili alikuwa mchangamfu kweli kweli.

"Tufute barua ya jina moja tu, bosi?"

"Moja tu."

"Tayari. Na nimekurudisha A."

Hata dakika tatu hazikufika. Meneja aliichana barua yake vipande vinne.

"Kachape barua ya kumwachisha huyu kazi," akamwambia karani. "Utie na sahihi."

"Sichapi."

"Unasema?"

"Sichapi, wala sahihi yangu huipati. Jana ilikuwa sikukuu, umesema mwenyewe tukiwa tunasikia wawili. Nitamwambia mkaguzi, na akinywa soda nitamwambia mkubwa wake." Akavuta kiti akaketi bila kukaribishwa, akamsogezea mpiga pasi kingine. "Kaa, dada. Hatuna haraka."

Mpiga pasi akakaa. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kukalia kiti cha ofisi ile.

"Ulimkuta?" karani akamwuliza.

"Getini. Amenipa jina, mdogo wangu. Kwao kila mtu ana jina la mkono." Akalaza kiganja juu ya meza ya meneja, akakisukuma mbele taratibu, akakirudisha, kama ananyoosha shuka. "Mimi ndiye huyu. Amenitambulisha shule nzima, na wote wakaniita."

Karani akalaza chake, akajaribu.

"Polepole," mpiga pasi akamwelekeza. "Vidole vikae pamoja."

Meneja alikuwa amekwisha kuipiga tena namba ile ile. Sauti changamfu ikajaza ofisi.

"Karibu tena, bosi. Majina mangapi safari hii?"

Meneja aliwatazama wale wanawake wawili, viganja vyao vikienda na kurudi juu ya meza yake.

"Mawili," akasema. "Yafute kabisa."