Utepe wa Zambarau

Kitendawili hiki nakutegea wewe uliyekaa hapo, wala usimtazame jirani yako akunong'oneze. Ana tumbo lakini hali. Amemeza mume na mke, na wote wawili bado wanatembea mjini. Ukimfunga kiunoni ananyamaza, ukimfungua ndipo anaanza kusema. Nani huyo?

Unakuna kichwa. Mji usinipe, miji ninayo tele, nimepewa na walioshindwa kabla yako. Tulia, jibu linakuja kwa miguu yake.

Basi alikuwapo fundi cherehani mmoja, bibi wa miaka sitini na sita, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Pindo, kwa kuwa haikupita nguo mbele yake ina pindo lililolegea akainyamazia. Hata msibani angekuvuta pembeni. "Hebu njoo hapa, mwanangu. Unafagia au unatembea?" Na sindano ilikuwa tayari, imechomekwa begani.

Asubuhi moja bibi huyu alikuwa ameketi kwenye benchi la masjala ya mahakama, mkoba mapajani, kwa mara ya tatu katika wiki mbili. Alikuwa anatafuta hati yake ya talaka, ya miaka thelathini na minane iliyopita.

Utacheka: hati ya talaka aliitaka ili aolewe, na mwoaji ni yuleyule aliyeachana naye.

Huyo mume wake wa zamani alikuwa fundi saa, na jina lake la mtaani lilikuwa Babu Dakika. Ukimpelekea saa alikwambia, "Nipe dakika tano tu," na dakika tano zake zilikuwa zinazaana kama sungura. Walipata binti mmoja, na binti akawapa mjukuu. Tangu walipoachana, yeye hakuoa na bibi hakuolewa. Wenye midomo yao walisema wamekomeshana. Kisha juzijuzi, babu akaja kibandani kwa Bibi Pindo, kofia mkononi, akasimama kama mteja.

"Fundi," akasema, maana tangu ujana wao waliitana hivyo, fundi kwa fundi, "turudiane. Kwa halali, tukaandikishe."

Bibi Pindo alikanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono ndipo akajibu. "Nitakujibu nikishapata ile hati."

Na kweli ofisi ya ndoa ilikuwa imewaambia hivyo: hatufungi ndoa juu ya ndoa, leteni hati ya talaka yenye mhuri. Ila Bibi Pindo hakuwa na haja na mhuri. Mjukuu wake, aliyekuwa mwalimu, ndiye aliyemwandikia barua ya maombi, na alipomaliza akaweka kalamu chini.

"Bibi, si umjibu tu? Ndiyo au hapana. Karatasi ya nini?"

"Nyamaza, mke mwenza. Una haraka, unamtaka wewe?"

"Mimi? Babu nilimwomba aje kwenye mahafali yangu, akafika watu wanakunja viti!"

Wakacheka. Lakini kuna jambo bibi hakumwambia mjukuu, wala binti yake, wala mtu yeyote. Nakwambia wewe.

Siku ya mwisho waliyosimama mahakamani, mama yake Bibi Pindo alikuwa ana miezi mitatu kaburini. Mume alikuwa amekwenda mji mwingine kutengeneza saa ya mnara, akapelekewa habari ya msiba, akafika siku ya nne baada ya maziko, anasema, "Nipe dakika tano nikueleze." Bibi Pindo hakumpa hata moja. Alihamia nyumba ya marehemu mama yake, akaenda kufungua shauri. Mbele ya hakimu walirushiana maneno hadi karani akaacha kuandika. Hakimu, baba mfupi mwenye sauti ya pole, akavua miwani.

"Mmenieleza vizuri mnavyochukiana," akasema, "hata mimi nimeanza kuwachukia. Sasa nendeni siku kumi na nne. Kila mmoja arudi na kitu kimoja, kimoja tu, atakachokikosa mwenzake akiondoka. Mkiniambia hamna, naandika talaka palepale."

Siku ya kumi na nne Bibi Pindo alivaa gauni lake la kutokea, akafunga kilemba, akakaa kitandani, asitoke. Hakwenda kwa sababu alikuwa nacho. Kilikuwa kitu cha kipuuzi. Yule mwanamume aliyezungukwa na saa thelathini, za ukutani, za mezani, za mfukoni, kila jioni aliinua kichwa akamuuliza yeye, "Fundi, saa ngapi?" Naye alimwambia, kwa kutazama kivuli cha mlango tu, na mume alimwamini kuliko saa zote thelathini. Bibi Pindo alijua akifika mbele ya hakimu kitamponyoka mdomoni, mbele za watu, na udongo wa mama yake haujakauka. Akajifungia ndani.

Siku zote hizo aliamini kuwa mume alikwenda, akasimama, akasema, "Sina." Talaka ikaandikwa. Tarishi hakuleta barua, na bibi hakwenda kuuliza. Jibu la kuuma nani hulifuata kwa miguu?

Sasa ndiyo amelifuata. Kama faili linasema fundi saa alisema "Sina," basi kofia yake airudishe kichwani aende zake. Hilo tu ndilo alilotaka kusoma.

Karani wa masjala alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye wino kwenye mfuko wa shati. Alifungua barua ya maombi kwa mara ya tatu.

"Bibi yangu, nimetafuta. Namba ya shauri huna?"

"Mwanangu, namba ya simu yangu mwenyewe siikumbuki."

"Tatizo ni hilo. Majina na namba zilikuwa kwenye daftari la mashauri, na la miaka ile liliingia maji, paa lilivuja. Mafaili yapo nyuma, lakini bila namba..." Akainua mikono. "Humo hata panya wanaingia kwa ramani."

"Nionyeshe hayo mafaili."

"Hairuhusiwi, bibi."

"Nitasimama mlangoni. Macho yangu tu ndiyo yataingia."

Karani akatazama huku na huku, akachukua funguo.

Chumba kilinuka vumbi na karatasi kuukuu. Rafu ziligusa dari, na juu yake mafaili yalipangwa mafungu kwa mafungu, kila fungu limefungwa kiunoni kwa utepe wa kitambaa. Bibi Pindo akashika mwimo wa mlango. Alisahau kuwa ameahidi kusimama nje. Alijikuta katikati ya chumba, kidole kinagusa utepe wa kaki uliopauka.

"Hizi ni sare za shule," akasema polepole. "Mwaka binti yangu alipoanza darasa la kwanza."

"Unasemaje, bibi?"

"Hizi tepe nimezikata mimi."

Karani akamtazama kama mtu anayetazama redio iliyojiwasha yenyewe.

Basi bibi akamweleza. Zamani hizo alikuwapo karani mmoja mzee, mrefu, mkavu kama wembe, mtu wa utaratibu wake. Kila mwanzo wa mwaka alikuja kibandani akisema, "Mama, serikali haijaleta kamba. Una masalio?" Bibi Pindo alimkatia tepe kutoka kitambaa kimoja, na mzee alikataa katakata kuchanganya. "Mwaka mmoja, nguo moja," alisema. "Daftari laweza kupotea, lakini rangi utaiona hata ukisimama mlangoni." Mkewe alimcheka, wenzake wakamcheka. Akastaafu, akafa, na siri yake akaondoka nayo.

"Miaka kumi na miwili nafanya kazi humu," karani akanong'ona, "nikidhani ni vitambaa tu vya kufutia vumbi."

"Ndiyo ujue, mwanangu, kila kitambaa kina mwenyewe." Bibi alikuwa anatembea sasa, akitaja miaka kama anayeita watoto chakulani. "Huu mwekundu ni mapazia ya ukumbi wa sinema, mwaka ulipofunguliwa. Huu wa mistari, sare za wauguzi. Huu wa kijani, lo! Huyu bwana harusi hakurudi kuchukua suti yake mpaka leo."

Kisha akainama.

Kwenye rafu ya chini, karibu na dirisha, palikuwa na fungu lenye utepe wa zambarau wenye nukta nyeupe. Mwaka ule alimshonea binti yake gauni la kwanza la kuzungukazunguka, lile ambalo mtoto alizunguka nalo uani mpaka akaanguka, na baba yake akaangusha bisibisi kwa kucheka. Masalio ndiyo yaliyokwenda mahakamani. Bibi akapiga magoti, na magoti yakalalamika.

"Ni humu," akasema. "Fungua wewe, mwanangu."

Umeshajibu sasa? Haya, ndiye huyo: faili. Amemeza mume na mke, na amefungwa mkanda.

Karani alilipata la kumi na moja. Lilikuwa jembamba, kurasa tano tu. Bibi Pindo alisoma mpaka darasa la saba na maandishi hayamtishi, lakini mwandiko wa hakimu ulikuwa nyayo za kuku baada ya mvua. Akamrudishia karani.

"Nisomee ukurasa wa mwisho. Nisomee alichosema mwanamume. Usinifiche."

Karani akasogea dirishani. "Hapa kuna swali la hakimu: kila upande ulete kitu kimoja atakachokikosa. Shauri likaahirishwa siku kumi na nne. Halafu..." Akakunja uso. "Mdai, ndiye wewe: hayupo."

"Hilo nalijua. Endelea."

"Mdaiwa: hayupo."

"Rudia."

"Mdaiwa naye hayupo. Wameitwa mara tatu mlangoni. Shauri limefutwa kwa kutohudhuria." Karani akageuza ukurasa, nyuma ulikuwa mweupe. "Bibi, hati ya talaka siwezi kukupa."

"Kwa nini?"

"Haipo. Hamjawahi kuachana."

Bibi Pindo alikaa chini sakafuni, palepale vumbini, na gauni lake la kutokea. Karani alikimbilia maji. Aliporudi alimkuta anacheka, machozi yanamtiririka, anajipepea kwa faili la mahakama.

"Miaka thelathini na minane najiita mtalaka," akasema. "Watu walinipa pole, mwanangu, na mimi nikazipokea! Sasa nitazirudishaje?"

Karani alimpigia nakala ya mwenendo wote wa shauri, akagonga mhuri kila ukurasa. Kabla hajamruhusu kuondoka alimketisha, akashika kalamu, akaandika kila rangi na mwaka wake, mpaka rafu ikaisha. Kisha fungu akalirudishia mkanda wake wa zambarau, kwa fundo lilelile la mzee.

Jua lilikuwa limeinama Bibi Pindo alipofika barazani kwa Babu Dakika. Babu alikuwa ameinamia meza, kioo kimebanwa jichoni, saa zinagonga ukutani kila moja na saa yake. Alisikia kandambili, akauliza bila kuinua kichwa:

"Fundi, saa ngapi?"

Bibi Pindo alivua kandambili. Akatazama kivuli cha mlango.

"Saa kumi kasorobo."

Babu akarekebisha saa aliyoishika mkononi, akaifunga mgongo, ndipo akatoa kioo jichoni. "Umeipata hati?"

"Sijaipata. Haipo." Akaweka nakala mezani, juu ya bisibisi na vijigurudumu. "Wewe bado ni mume wangu, na una deni la kunitoa matembezini tangu enzi hizo. Lakini kwanza niambie. Siku ile hukwenda kwa nini?"

Babu alisoma ule ukurasa wa mwisho, akausoma tena.

"Nilikwenda," akasema. "Nilifika saa nane. Wao walikuwa wamefunga saa sita. Nikamkuta mfagiaji, akasema watu wametawanyika. Nikajua umekuja, umesema huna, umepewa karatasi yako."

"Hata siku hiyo ulichelewa!"

"Nilitoka nyumbani saa mbili asubuhi, fundi. Nilikuwa nazunguka ukuta wa mahakama, najizoeza kulisema. Kila nikilisema linakuwa la kipuuzi. Nikazunguka tena."

"Lipi hilo?"

Babu akaokota kioo chake, akakifuta kwa pindo la shati.

Bibi Pindo akavuta kigoda akaketi mbele yake, akanyoosha mgongo kama hakimu, akaifungua nakala. "Mdaiwa," akasema, "mahakama inakuuliza. Ni kitu gani kimoja utakachokikosa mwenzako akiondoka?"

"Nipe dakika tano."

"Umepewa miaka thelathini na minane."

Saa mbili za ukutani ziligonga, moja saa tatu, nyingine saa saba. Babu akacheka kidogo, akaangalia mikono yake.

"Ulivyokuwa unakata uzi kwa meno," akasema. "Mkasi uko mkononi, lakini wewe unakata kwa meno, halafu unakitema kile kipande bila kutazama, kinaangukia kwenye chai yangu. Kila siku. Nilikuwa nagomba, unakumbuka? Basi tangu uondoke nakunywa chai safi, fundi, na kila kikombe nachungulia kwanza ndani."