Mtihani wa Machozi

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu, viwanda vya minofu ya sangara viliota kando ya ziwa pale Mwanza kimoja baada ya kingine, na kila asubuhi getini walisimama watu wengi kuliko kazi zenyewe. Leonsia alikuwa afisa utumishi wa kimojawapo. Aliajiri kwa vyeti na barua za paroko, na mpaka siku Awuor alipofariki alidhani hiyo inatosha.

Awuor alikuwa mchunaji wa minofu. Aliamka na malaria, akaja kazini hivyo hivyo, akaomba ruhusa ya kwenda hospitali. Msimamizi wa ukumbi wa kuchunia akamwambia hapa kila mtu anaumwa. Akaomba tena, msimamizi akacheka. Awuor akaanguka chini ya meza na gambuti zake miguuni, na jioni ile akakata roho. Msimamizi alipoitwa kujieleza alishangaa kabisa kwamba anaulizwa. Akafukuzwa, lakini kufukuzwa kwake kulimsaidia nini Awuor?

Kilichomkosesha Leonsia raha ni kwamba yeye ndiye aliyemwajiri msimamizi yule. Na kwenye ukumbi ule ule alikuwemo Annet, mdogo wake wa tumbo moja, na mimba aliyoililia tangu aolewe. Atakayeshika nafasi ya msimamizi ndiye atakayeamua Annet akae au asimame, atoke au abaki.

Meneja, mzee Muganyizi, naye alishtuka. Alikuwa ametoka kwenye semina Nairobi, ambako profesa mmoja aliwaambia kwamba wapo watu wasio na chembe ya huruma, wazuri wa maneno, wasiojua aibu, na kwamba huko Ulaya mwajiri makini huwachuja kabla hajawakabidhi watu wa kuwaongoza.

"Wanawachujaje, bosi?" Leonsia aliuliza.

"Kwa maswali maalumu. Lakini maswali yenyewe hakutupa. Alisema ni ya wataalamu."

Waombaji wa nafasi ile walikuwa wamebaki wawili, Privatus na Shimba, na kwa vyeti hukuweza kuwatenganisha. Ndipo Leonsia akapata wazo, na alijiona mjanja kweli kweli.

"Tuwapeleke msibani kwa Awuor. Mwili bado uko mochwari, unaondoka kesho kwenda kwao Shirati. Kwenye usaili mtu atakudanganya, lakini mtu asiye na huruma hawezi kulia msiba wa watu."

Muganyizi alipiga meza kwa kiganja. "Hapo umesema, mama!"

Kesho yake, kule Kirumba nyumbani kwa marehemu, ua ulikuwa umefurika. Jeneza lilipotolewa ndani, mama mzazi wa Awuor alipiga yowe, na Privatus akaishiwa nguvu. "Dada yangu! Dada yangu!" alilia, akijitupa chini mpaka wanaume wakamshika makwapani. Collins, mume wa marehemu, aliacha kilio chake mwenyewe akaja kumbembeleza. Shimba hakudondosha chozi. Alipanga mabenchi, akachota maji, akapasua kuni, kisha akaenda kukaa karibu na yule mama bila kusema neno.

"Huyu kama yuko kibaruani," Muganyizi alinong'ona. "Hata uso haujabadilika."

Leonsia, machozi yakimtiririka, aliitikia kwa kichwa. Mungu amsamehe, aliona fahari kwamba mtihani wake umefanya kazi.

Meneja alipoondoka, Leonsia alizunguka nyuma ya nyumba kunawa uso. Alimkuta Privatus kwenye pipa la maji.

"Bosi ameshaondoka?"

"Ameshaondoka."

Privatus alijifuta uso kwa kitambaa, akakikunja vizuri, pembe juu ya pembe, akakirudisha mfukoni. Macho yake yalikuwa matulivu kama ya mtu aliyetoka kulala mchana.

"Hivi marehemu alikuwa anaitwa nani?" akauliza.

Leonsia alimtajia. Asubuhi alikuwa wa kwanza ofisini kwa Muganyizi kumweleza yote. Mzee alicheka kwa upole.

"Wewe mwenyewe umelia misiba mingapi ya watu usiowajua hata majina?"

Mingi. Ndivyo alivyolelewa na mama yake, ndivyo walivyolelewa wote. "Lakini machozi yangu si kama yake, bosi," alisema.

"Mtihani umeutunga wewe, mama. Sasa majibu yamekuja, huyataki."

Privatus akapewa kazi, Shimba akashukuriwa na kuagwa. Na wanawake wa ukumbini walimpenda msimamizi mpya! Aliwaulizia watoto wao, aliwapa pole za wagonjwa, alimwita Annet "mdogo wangu". Annet akiomba kukaa, alimjibu kwa sauti ya asali: "Nakuhurumia sana, mdogo wangu, vumilia kidogo." Kiti hakikuletwa. Leonsia alikipeleka mwenyewe, na kabla ya mchana kilikuwa kimetolewa nje, eti sheria za usafi. Aliomba Annet ahamishiwe ofisini. Privatus akasema mkono mzuri kama ule hawezi kuupoteza, na Muganyizi, aliyeona minofu ikiongezeka, akakubaliana naye.

"Basi acha kazi," Leonsia alimwambia mdogo wake.

"Niache nikale nini, dada? Si unawaona walioko getini?"

Leonsia aliwaona kila siku. Alikuwa na ofisi, muhuri na cheo, na hakuna hata kimoja kilichomfaa.

Damu ilianza kumtoka Annet akiwa mezani. Aliomba ruhusa, akaombwa, kwa upole ule ule, amalizie trei iliyo mbele yake. Alimaliza. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, hana uhai.

Walimzika makaburi ya Igoma kwa watu wachache. Kijisanduku kilipotolewa ndani ya nyumba, kilio cha kwanza hakikuwa cha Annet. "Mwanangu! Mwanangu!" Privatus alipiga magoti vumbini, na wanawake wa kiwandani wakamzunguka kumtuliza, wakamleta mpaka alipokuwa Leonsia, ambaye kama mwenyeji alikuwa ameshika jagi la kunawishia.

Alimmiminia maji. Angefanya nini kingine mbele ya watu? Privatus alinawa uso taratibu, akatoa kitambaa chake.

"Pole sana, dada."

"Asante," Leonsia alijibu. Hasira ilikuwa imemkausha machozi.

Muganyizi, aliyekuja na wafanyakazi wake, alisogea karibu yake, akainama sikioni mwake kama mzazi.

"Jitahidi ulie hata kidogo, mama," alinong'ona. "Watu wanakuangalia, watasema huna huruma."