Mchezaji wa Kuazima

Ajenti aliyenileta huku aliniambia Riyadh na Jeddah ni kama Nairobi na Thika. Mke wangu Rael alikuwa ameshatangulia Jeddah, anafanya kazi ya nyumbani kwa familia moja ya huko, kwa hiyo nikajipangia vizuri kabisa: kila Ijumaa napanda basi, tunakula samaki, jioni narudi. Nilipotua Riyadh nikamuuliza dereva aliyekuja kunichukua kama njiani tutapita Jeddah. Alicheka mpaka akaegesha gari pembeni. Jeddah iko upande wa pili wa nchi, safari ya kutwa nzima. Tangu siku hiyo simwamini mtu yeyote anayevaa tai jijini Nairobi.

Basi tukaishi hivyo, mume na mke katika nchi moja, tukionana kwenye simu. Mimi ni dereva wa familia huku Al-Naseem, mtaa wa Riyadh: watoto shuleni, madam sokoni, bosi kazini, kisha kuosha gari ambalo kesho litachafuka tena. Yeye analala kwa madam wake, na saa zake za kutoka ni chache. Halafu mkataba wake ukaisha. Mama yangu, anayemlea binti yetu Ashley kule Vihiga, macho yamemwisha, lazima mmoja wetu arudi. Rael akakatiwa tiketi ya Jumamosi. Mimi mkataba wangu bado mrefu. Sikubisha. Nilichotaka ni kumwona tu kabla hajapanda ndege, nimshike mkono, nijue mke wangu bado ana urefu uleule.

Nilimwendea bosi. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana si mtu mbaya. Akasema mpishi wake ana mke, mtunza bustani ana mke, kila mtu ana mke mahali fulani, na akimfungulia mmoja lango wote watapita. Lakini bosi ni mgonjwa wa mpira. Alijua mimi ni kipa na nahodha wa timu ya Naseem, na alijua mechi za nne bora za ligi yetu ya Wakenya zitachezwa Jeddah, Ijumaa, siku moja kabla ya ndege ya Rael.

“Ukicheza, nenda,” akasema. “Ndugu yangu atawapeleka watoto. Usipocheza, mafi safari, hakuna. Utaenda kufanya nini?”

Nikampigia Rael palepale. Akaniambia madam amemruhusu siku hiyo, kwa sababu wanawake ndio wanaopika uwanjani na madam anajua chapati zake. “Baba Ashley, wewe ingia tu hiyo nne bora,” akasema. “Mengine niachie mimi.”

Sasa, kuingia. Timu tatu zilikuwa zimeshapita bila ubishi, Sharafiya wa Jeddah wakiwa mbele ya wote. Nafasi ya nne ndiyo iliyoleta vita. Timu za Riyadh hucheza zenyewe kwa zenyewe na za Jeddah hivyohivyo, maana hakuna kafili, yaani mwajiri wako, atakayekupa ruhusa ya kuvuka jangwa kila wiki kwa ajili ya mpira. Kwa hiyo mwishoni huwezi kuhesabu pointi tu. Kamati inakaa, inabishana nani anastahili. Sisi Naseem hatukuwa tumefungwa hata mechi moja. Wapinzani wetu, Bandari, vijana wa makontena kule Jeddah, walikuwa wamefungwa mara mbili, ila walikuwa wamewapiga Sharafiya wenyewe.

Kikao kilikuwa cha simu, Ijumaa alasiri, wiki moja kabla ya mechi. Mimi nilikuwa ndani ya gari nje ya maduka, nawasubiri madam na watoto, jasho linanitiririka mgongoni. Utaratibu wetu ni huu: nahodha anatetea timu yake, kisha mwenyekiti anamtoa kwenye laini, kamati inaamua bila yeye. Mwenyekiti ni Absalom, mzee wa kanisa na fundi wa lifti, mtu asiye na haraka hata jengo likiungua. Kwa kuwa mtandao ulikuwa unakatika, aliagiza utetezi wetu tuutume pia kwa sauti kwenye group, asije akaambiwa amepindisha maneno ya mtu.

Vincent, nahodha wa Bandari, ndiye aliyeanza. “Kwa heshima, Naseem hawajafungwa. Hata mimi sijafungwa na watoto wa nursery. Wamecheza na nani? Wale masoja wametoka lindo asubuhi, wanacheza macho yamefumba. Kipa wao alilala akiwa amesimama. Niliona video.”

Video hiyo nilikuwa nimeirusha mimi mwenyewe, kwa ujinga wa kutaka watu wacheke.

“Ratiba sikupanga mimi,” nikasema. “Niliopewa nimewapiga wote. Sharafiya wako Jeddah, mimi niko Riyadh. Nilitakiwa niwafunge kwa WhatsApp?”

Maureen wa kamati, mwanamke wa Kisumu anayefanya kazi saluni Jeddah na anayejua mpira kuliko nusu ya makocha wetu, akaingilia. “Hezron, sikiliza. Hakuna anayesema wewe ni mbaya. Tunasema hatujui. Bandari tunawajua. Tumewaona wakipigwa, tumewaona wakipiga. Wewe tumekuona ukishinda mtu aliyelala.”

Hapo maji yakanifika shingoni. Niliona basi la Jeddah linaondoka bila mimi. Niliona Rael amekaa na sahani mapajani, anatazama lango la uwanja. Mtu akifika hapo hachagui silaha, anaokota iliyo karibu, na iliyokuwa karibu nami ilikuwa kuazima.

Kuazima ni desturi yetu ya tangu ligi ianze. Mchezaji anaweza kuwa anafunga viatu, simu ikalia, “yalla, haraka, njoo,” akaondoka na jezi mwilini. Kwa hiyo timu iliyopungukiwa huruhusiwa kumwazima mchezaji mmoja kutoka timu yoyote isiyokuwa na mechi siku ile. Hakuna anayelalamika, leo ni kwako, kesho ni kwangu. Na Bandari ndio walioazima kuliko wote, kwa sababu kipa wao ni mpakuaji wa meli bandarini. Meli ikiingia anaitwa kazini, hata kama ni dakika ya kwanza. Siku walipowapiga Sharafiya, langoni alisimama mpishi wa hoteli waliyemwazima.

Nikabonyeza kitufe cha sauti nikaachilia yote. “Mnasema Bandari wamewapiga Sharafiya. Si Bandari. Ni mpishi aliyewapiga Sharafiya. Timu inayoazima haistahili. Mtu akija kwenye harusi na suti ya kuazima, mnamwita tajiri? Ushindi wa kuazima ufutwe, na nne bora kuazima kukatazwe kabisa. Kila mtu aje na watu wake. Asiye na watu wake akae nyumbani.”

Watu wakaanza kutuma vicheko kwenye group. Mtu akaandika nigombee ubunge. Nilijiona nimewamaliza.

“Unaomba iwe sheria?” Absalom akauliza taratibu.

“Iwe sheria. Tena leo.”

Akatutoa kwenye laini, mimi na Vincent. Madam akatoka na mifuko, nikamfungulia mlango, nikaendesha hadi nyumbani bila kuona barabara. Jua lilikuwa linaelekea kuzama Absalom alipotuma jibu. Kamati ilikuwa imeyapima maneno yangu, na imeyaona ya haki. Kuanzia sasa kuazima katika nne bora ni marufuku. Ila mechi zilizopita zilichezwa kabla ya sheria, na sheria hairudi nyuma, kwa hiyo ushindi wa Bandari unabaki. Bandari wanachukua nafasi ya nne. Poleni Naseem.

Nilikaa juu ya ndoo ya kuoshea gari. Nilisoma ujumbe ule tena na tena, kana kwamba nikiurudia utabadilika.

Kisha Vincent akapiga simu. Nilidhani anataka kunicheka, nikapokea nikiwa tayari nimekunja ngumi.

“Buda, umetuharibia sisi sote,” akasema, na sauti yake haikuwa ya kicheko. “Ijumaa kuna meli. Kipa wangu hayuko. Yule mpishi ameenda likizo. Nilikuwa nimewaambia vijana tukiingia tukuazime wewe. Nakutukana, lakini ligi nzima hakuna kipa kama wewe. Nauli yako ya basi tulikuwa tushachanga.”

Bosi alisema ukicheza, nenda. Hakusema nicheze na jezi gani.

“Nilitaka kukuambia kabla ya kikao,” Vincent akaendelea. “Nikaona utadhani nakuhonga unyamaze. Hezron? Uko?”

Wiki ile niliomba kama sijawahi kuomba. Nilimpigia Absalom asubuhi, nikampigia mchana, nikampigia akiwa ndani ya shimo la lifti. Nikamweleza habari ya Rael na tiketi ya Jumamosi, vitu ambavyo nilikuwa nimevificha kwenye kikao kwa kiburi, nisije nikaonekana naomba nafasi kwa machozi. Nikamsikia akiweka spana chini.

“Kijana wangu, ungeanza na hayo,” akasema. “Sasa mchimba kisima ameingia mwenyewe. Lakini nitawauliza manahodha. Wote wanne wakikubali, nitaiondoa sheria.”

Vincent alikubali kabla hajaulizwa. Wawili wengine wakakubali. Akabaki Jeremy wa Sharafiya, ambaye timu yake ndiyo ingefungua na Bandari. Bandari wasio na kipa ni zawadi ambayo hata mimi nisingeirudisha. Nilimpigia mwenyewe.

“Ndugu yangu Hezron,” Jeremy akasema, kwa upole ulioniudhi kuliko matusi, “naelewa mambo ya familia. Lakini vijana wangu nitawaambia nini? Wewe mwenyewe ulisema timu inayoazima haistahili. Ulisema vizuri sana. Niliisave hiyo sauti.”

Nilimwambia nitampigia magoti. Akasema simu haionyeshi magoti. Maureen alimfuata hadi kazini kwake, akarudi mikono mitupu.

Alhamisi nikarudi kwa bosi. Alikuwa anakunywa kahawa uani. Nikamwambia Bandari walitaka kuniazima nicheze, ila kuna sheria mpya.

“Nani alileta sheria?”

Ningeweza kusema kamati. “Mimi.”

Akaweka kikombe chini. “Sheria nzuri,” akasema. “Na mimi hupenda timu ije na watu wake.” Akafikiri tena kidogo, nikapata tumaini la kijinga, nikamtajia Rael na ndege yake kwa mara nyingine. Akatikisa kichwa. “Nilisema ukicheza. Halas, Hezron, yameisha.”

Ijumaa ilipofika niliwapeleka watoto kwa bibi yao, kisha nikaegesha kivulini, mgongo wa kiti nimeulaza, simu juu ya usukani. Group ilikuwa inachemka. Bandari walimweka beki langoni, kijana mfupi mwenye moyo mkubwa. Sharafiya walimfunga wanavyotaka. Lilipoingia la tano nikaacha kusoma.

Rael akapiga kwa video. Alikuwa amevaa baibui na mtandio wa kijani niliomtumia siku yake ya kuzaliwa, ambao nilikuwa sijawahi kuuona mwilini mwake isipokuwa kwenye picha. Nyuma yake kulikuwa na masufuria na watu waliobeba sahani.

“Umekula?” akaniuliza. Ndivyo anavyoanza siku zote.

“Nimekula,” nikadanganya.

“Chapati zako niliziweka kando. Nilizifunga kwa foil kabla sijakumbuka kwamba huji.” Akageuza simu nione, kifurushi kidogo pembeni ya meza. “Nitampa huyo kipa mfupi. Analia huko nyuma ya gari.”

Nikaona nikinyamaza nitampeleka nyumbani na uongo. Nilikuwa nimemwambia kamati ilitunyima, basi. “Mama Ashley, kuna kitu sijakuambia. Hiyo sheria ya kuazima...”

“Najua.”

“Nani alikuambia?”

“Wewe.” Alisogea mbali na masufuria, kelele zikapungua. “Kabla ya mechi watu wa Bandari walianza kubishana, mbona hawawezi kuazima mtu. Jeremy akaunganisha simu kwenye spika kubwa, ile ya kuchezea muziki, akawawekea sauti yako. Uwanja mzima ulikusikia. Suti ya kuazima, harusi, yote. Watu walicheka.”

Nilifunika uso kwa mkono. “Nisamehe, Rael.”

Alikuwa anajipangusa mashavu kwa ncha ya ule mtandio wa kijani.

“Mimi sikucheka,” akasema. “Nilienda nikasimama karibu na spika. Baba Ashley, ilikuwa kubwa vile, kama uko hapo. Ilipoisha nikamwomba Jeremy airudie.”

Hapo mlango wa nyuma ukafunguliwa. Watoto wakaingia na viatu vilivyojaa mchanga, mkubwa akagonga kiti changu, yalla, yalla. Rael akaona. Akaniambia endesha pole pole, atanipigia akifika kwa Mama. Nikaweka simu kwenye kiti cha pembeni, nikanyoosha mgongo wa kiti, nikawasha gari.