Seli Nane kati ya Themanini

Jumanne, saa tatu na robo asubuhi. Manyunyu yalikuwa yakianguka, na vioo vya madirisha ya maabara vilikuwa vimeshika ukungu. Fundi wa seli aliiweka fomu ya ruhusa mezani, akaisukuma kwa kidole kimoja hadi mbele ya Profesa.

"Hii siisaini."

Fomu ya kuruhusu fungu la nne la seli litumike ilihitaji saini mbili: ya aliyezitengeneza seli na ya msimamizi wake. Ya Profesa ilikuwa imeshakauka. Fungu la nne lilitokana na damu ya mtu aliyejitolea. Walikuwa wamezima jeni nne katika seli hizo kwa mkasi wa jeni, ili ziingizwe katika mwili wa mgonjwa, ziue saratani na kumwacha yeye salama. Mgonjwa mwenyewe alikuwa dada mkubwa wa Profesa. Alitarajiwa kuwekewa seli hizo kesho yake.

"Jedwali unalo," alisema Profesa. "Jeni ya kwanza imezimika kwa asilimia tisini. Ya pili, themanini na nane. Ya tatu, tisini na moja. Ya nne, themanini na sita. Unataka nini tena, maua?"

Mtakwimu, aliyelitengeneza jedwali hilo, alicheka, kisha akajutia kicheko chake.

"Nataka tuache kupima mchanganyiko," alisema fundi. "Jedwali limezipima seli zikiwa zimerundikana. Mimi nimezitenganisha."

"Mama Visima na visima vyake!" alisema mtakwimu.

Ndilo jina walilompa. Hakuamini kitu mpaka akitie katika sahani ya maabara yenye vishimo vidogo tisini na sita, viitwavyo visima, kila kisima seli moja.

"Cheka tu, mwanangu. Zilizokua ni themanini. Zilizozimika jeni zote nne ni arobaini na tisa. Na nane bado zina jeni ya kwanza, nzima kabisa."

Jeni ya kwanza ndiyo huifanya seli ngeni imwone mwenye mwili kuwa adui. Profesa alilijua hilo vizuri. Yeye ndiye aliyemfundisha fundi. Uso ulimshuka, lakini sauti ilipanda.

"Dada yangu anakufa, na wewe unanihesabia visima! Nitamwambia ni nani aliyemnyima dawa."

"Mpigie sasa hivi. Weka sauti kubwa, nimwambie mwenyewe."

Profesa hakulitarajia jibu hilo. Hata hivyo alipiga.

Fundi alijitambulisha kwa jina lake la utani, akaeleza kwa sentensi sita. Hakuomba radhi.

"Nimekuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na miwili," alisema dada. "Wanafunzi tisini katika mia wakifaulu hesabu, na tisini wakifaulu historia, siandiki kwamba tisini wamefaulu yote. Mdogo wangu, Jumapili uliniambia zote zimezimika. Ulipima, au ulitamani?"

Profesa alilitazama jedwali.

"Nakuuliza wewe."

"Nilitamani, dada."

"Haya. Na wewe, mama wa nini sijui, kurudia kazi ni siku ngapi?"

"Ishirini. Tutakata jeni mbili kwanza, kisha mbili. Zilizobaki na jeni ya kwanza tutazinasa kwa sumaku na kuzitupa. Halafu nitapima moja moja. Hata hapo siahidi kitu."

"Daktari amenipa miezi miwili, naye si mkarimu. Leo sikupendi hata kidogo."

"Si lazima unipende."

"Basi anzeni. Na huyo mdogo wangu akianza kukubembeleza, mfungie nje."

Simu ilikatika.

Profesa aliichana fomu vipande vinne, akaenda chooni na kukaa humo dakika kumi na moja. Mtakwimu alifuta neno "zote" katika ripoti, akaandika idadi badala yake, na kwa mara ya kwanza akaomba kuonyeshwa sahani. Dada aliwapigia wauguzi wa hospitali, akawaambia kwamba kesho hatahitaji kitanda, akageukia ukutani, akalia. Fundi alilimwaga fungu la nne katika dawa ya kuua seli, akavaa glavu mpya, akatoa kwenye friza mrija mwingine wa damu ile ile.