Akiba ya Mshono

Mtaani mama aliitwa Bonge, na binti yake, tangu akiwa chekechea, Bonge Mdogo. Walifanana mpaka nyama za mikono. Mama alikuwa fundi cherehani, na tangu mtoto amfikie kimo, nguo zake hakuzipima tena kwa futi. Alizivaa yeye mwenyewe, akajigeuza mbele ya kioo. Zikimkaa yeye, zitamkaa na mwanawe. Na kila nguo aliiachia akiba nene ya kitambaa ndani ya mshono, upana wa vidole vinne, kwa sababu mwili wa kwao, alikuwa akisema, haukai pale ulipouacha.

Gauni la harusi ya mwanawe alilishona hivyo hivyo. Hakujua kwamba binti, tangu ahamie mbali kikazi, alikuwa akishindia matango na maji, na kukimbia kila alfajiri kama anayefukuzwa. Picha hakutuma. Huko hakuna aliyemjua Bonge Mdogo. Mchumba alimjua msichana mwembamba tu.

Siku ya kujaribisha gauni, binti hakuja peke yake. Mama wa mchumba alikuwa ameng'ang'ania kumwona mkwe mwenzake, baada ya kuambiwa na binti kila mara kuwa mama anaumwa miguu, hasafiri. Aliingia, akasimama kati ya meza ya kukatia na cherehani, akamtazama mama kama mtu anayegeuza nguo ndani nje kabla ya kuinunua. Halafu akatazama ukutani, kwenye picha ya bibi marehemu, aliyejaa kiti chake na kumwagikia pembeni.

Mama alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, akibana gauni lililomning'inia binti kama pazia.

Mgeni alisema ana mtoto mmoja tu wa kiume, na asingependa aoe mmoja kisha miaka kumi baadaye ajikute analala na wawili. Aliyasema kwa upole, kama anayeulizia bei ya vifungo. Kisha akamgeukia binti.

“Niambie ukweli, mwanangu. Huyu ndiye aliyekuzaa?”

Binti hakuangalia chini.

“Alinilea tu,” akasema. “Mama yangu mzazi alifariki. Alikuwa mwembamba.”

Mgeni akashusha pumzi. Akamshika mama bega, akamsifu kwa moyo wa kulea mtoto wa mwenzake, akaongeza kwamba moyo wenyewe haukosi nafasi humo ndani. Akacheka. Mama akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake.

“Ni kweli,” akasema. “Nilimlea.”

Mgeni akaenda kusubiri garini. Binti akavua gauni, na mama akakaa kwenye cherehani. Binti alimwomba asikasirike. Ni mpaka harusi ipite tu, wakishapata mtoto atamweleza mume wake taratibu. Mama akaingiza gauni chini ya sindano. Alipiga mshono mpya, ndani kabisa ya ule wa zamani, kitambaa kilichozidi kikabaki kinaning'inia. Binti akakipapasa.

“Akiba usiiguse, mama,” akanong'ona. “Iache yote. Si unaujua mwili wangu.”

Mama akachukua mkasi mkubwa. Akakata upande mmoja, akakata na wa pili, karibu kabisa na uzi, vipande vikaanguka miguuni pao.

“Akiba huwa nawaachia watu wa kwetu,” akasema. “Wewe mama yako alikuwa mwembamba.”