Mizinga Iliyobaki Juu

Dorkas alikuwa uani anapepeta ulezi aliposikia msumeno wa injini kilimani. Akaweka ungo chini, akajifunga kanga ya pili, akapanda.

Kilima chenyewe kiko nyuma ya kijiji, upande wa kwenda Shelui, na chini yake palikuwa na chemchemi. Wanawake wote walichota hapo. Miti ikiisha maji yanaondoka, hilo hata mtoto wa kule analijua. Basi, waliposikia mfanyabiashara wa mkaa amepata kibali, Dorkas alitoa mizinga ya marehemu mumewe, Mughwai, akawaomba na wenzake watoe ya kwao, wakaitundika kwenye miti yote mikubwa ya mitundu. Mvua za kwanza nyuki wakaingia. Mti wenye mzinga haukatwi. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Kibarua wa mfanyabiashara huyo, mwenye msumeno, alikuwa Gerald, mume wa binti yake Rahel. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, kwa hiyo Gerald aligeuka akaongea na mti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Huo una mzinga."

"Nimeuona, mama. Kibali kimetaja miti. Mizinga hakikuitaja, kwa hiyo siigusi."

"Huigusi?"

"Hata kidogo, mama. Nawaheshimu."

Na kweli hakuigusa. Alikata mti, mti ukalala, mzinga ukabaki juu palepale ulipokuwa, kamba imefungwa pasipo na tawi. Nyuki walitoka, wakazunguka kidogo, wakarudi ndani. Gerald akahamia mti mwingine. Tanuri la mwisho la mkaa lilipozimwa, kilima kilikuwa visiki vitupu, na mizinga inaning'inia hewani, huu juu kidogo, ule chini kidogo, kama ilivyotundikwa. Upepo ukivuma ilipembea polepole.

Watu walizoea. Mbuzi walilala kwenye vivuli vyake, kila mmoja kichwa tu kivulini. Mtendaji wa kijiji alikuja, akatazama juu, akasema bora isimwangukie mtu. Halafu wakaja wageni wa mradi na gari jeupe. Walipiga picha mizinga, wakiinua simu ili visiki visiingie, wakasimika kibao: MSITU WA KIJIJI, UNAHIFADHIWA. Dorkas aliwaambia chemchemi imekauka. Wakamshukuru kwa mchango wake.

Asali ilipoiva hakuna aliyejua namna ya kupanda, isipokuwa Gerald, maana ndiye aliyeikata ile miti na aliikumbuka. Alikuja alasiri moja, akavua viatu, akashika hewa palipokuwa na tawi la kwanza, akapanda. Tawi la tatu alilikwepa, lilikuwa bovu. Dorkas alisimama chini na ndoo, ametazama pembeni kwa heshima.

"Bado unaukumbuka vizuri," alikiambia kisiki.

"Ulikuwa mti mzuri, mama."

"Na chemchemi, unaikumbuka?"

"Naikumbuka, mama."

"Basi kanichotee."

Gerald akaingiza mkono mzingani. Nyuki walimtembea mikononi bila kumuuma. Baadaye akashusha masega kwa kamba. Yalikuwa machache, meusi, yananuka moshi.

"Kesho naanza kile kilima cha pili, mama," alisema aliposhuka, amempa mgongo. "Kule nako wametundika mizinga."

"Usiiguse."

"Siigusi, mama."

Asubuhi Dorkas alikwenda na punda mpaka bombani Shelui, akarudi na madumu jua limeshakuwa kali. Kabla hajabandika hata uji, alimimina maji kwenye karai, akaweka juu yake kipande cha gome la mtundu kielee, ili nyuki wasizame. Wakashuka mmoja mmoja, wakatua kwenye gome, wakanywa. Ng'ambo msumeno ukaanza kulia. Walipotosheka waliruka taratibu kuelekea kilimani, wakapita juu ya visiki, wakarudi kwenye miti yao.