Maji ya Namba 418

Ukitaka kumwaga maji yote ya mfumo wa joto wa nyumba, kwanza unauacha moto wa boila ufe siku moja kabla. Unafunga koki ya maji yanayoingia, unavalisha mpira wa maji kwenye koki ya chini kabisa, kisha unapanda orofani kulegeza skrubu ya rejeta ya juu, kile kipasha-joto cha chuma cha ukutani, ili hewa iingie. Usipoilegeza, maji yatabaki yakining'inia ndani ya mabomba na hayatashuka hata uyabembeleze. Fundi Dorota Wycisk alifanya yote hayo Jumatatu ya tarehe ishirini na tisa Novemba, saa tatu asubuhi, katika nyumba ya matofali ya Bibi Elfryda Kokot. Rejeta ya ukutani chumbani kwa bibi ilikuwa imepasuka ubavu. Elfryda alikuwa ametandika magazeti ngazi nzima.

Alikuwa na miaka sabini na minne na maringo yake. Fremu za madirisha yake zilikuwa nyekundu kupita zote mtaani, na katika mitaa ya wachimbaji makaa ya Silesia, nchini Poland, hilo si jambo dogo. Kabatini aliitunza sare nyeusi ya sherehe ya mumewe pamoja na kofia yake ya manyoya. Aliipiga brashi kila Jumamosi, mwaka wa thelathini na moja huo.

Mumewe, Alojz, alikuwa mwendesha pampu katika Mgodi wa Klara. Siku maji yalipouvamia mgodi, wanaume sitini na watatu walipanda juu wakiwa hai, naye hakuonekana. Kila mchimbaji alikuwa na kibati cha shaba chenye namba. Kila mmoja alikichukua ubaoni akishuka, akakirudisha akipanda. Kibati namba 418 kilikutwa ubaoni, basi daftari likaandikwa kwamba Alojz Kokot hakufika kazini. Mtaa ukaongezea yake: ametorokea Ujerumani, na ana mwanamke. Elfryda hakubishana na mtu. Alisema tu kwamba Alojz hajawahi kukosa zamu, akaendelea kupaka rangi fremu zake.

Baadaye mgodi uliyavuta maji yale na kuyajaza kwenye rejeta za mtaa mzima, kama ilivyokuwa desturi, kwa kuwa maji ya chini yalikuwa ya bure. Tangu majira yale ya baridi rejeta ya chumbani iligonga. Mara tatu, kimya, mara tatu. Mtoto yeyote wa mtaa ule anajua kwamba mtu aliyefukiwa hugonga bomba mara tatu, lakini watu wazima wote walisema ni hewa. Elfryda naye alisema ni hewa, na kila Oktoba aliitoa kwa kiufunguo kidogo. Hilo lilikuja kumuuma kuliko yote.

Fundi Dorota alikadiria lita mia moja na sitini. Kufikia saa sita mchana zilikuwa zimetoka mia nane, nyeusi na za uvuguvugu, na karo la uani lilikuwa limeanza kulalamika. Majirani wakaleta mabeseni. Saa saba ikatoka taa ya mchimbaji, kisha kiatu, kisha cha pili. Dorota aliutoa mpira, kwa maelezo kwamba ulikuwa mwembamba kwa kazi ile, akaiacha koki wazi. Saa nane na dakika ishirini akatoka Alojz, miguu kwanza, maana hivyo ndivyo alivyoshuka ngazi maisha yake yote. Alikuwa bado na miaka arobaini na mitatu. Mkononi alishika kibati cha shaba, namba 418.

"Umechelewa," Elfryda akamwambia.

"Zamu ilikuwa ndefu, Frida."

Elfryda akamwelekeza apanguse miguu kabla ya kukanyaga jikoni. Akampa supu ya tambi, kisha madonge ya viazi yenye kishimo cha mchuzi katikati, na kabichi nyekundu. Alojz alikula sahani tatu huku kiti kikichuruzika. Alisimulia kwa ufupi, kwani hakuwa mtu wa maneno. Msimamizi alimwamuru asiondoke kwenye pampu mpaka wote wapite. Alipopita wa sitini na tatu, msimamizi akaufunga mlango wa chuma wa chumba cha pampu kwa nje. Kibati kile cha ubaoni lazima kiwe cha pili, kilichochongwa jioni ileile, kwa sababu hiki hakikutoka kwake tangu aliposhuka.

Elfryda aliinuka, akanyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka tayari. Sasa alichotaka ni kimoja tu: daftari liseme kwamba mume wake alifika kazini.

Jumatano walikwenda ofisi ya kufunga hesabu za migodi iliyokwisha kufungwa, wameshikana mikono. Karani aliwaomba wasiegemee meza, kwa sababu ya maji. Akafungua jalada, akakitazama kibati, akakigeuza, akakirudisha.

"Bibi, hapa imeandikwa 418 kilikuwa ubaoni. Na muda wa kurekebisha ulikwisha mwaka mmoja baada ya tukio."

"Mwenyewe si huyu hapa?"

"Namwona, na pole yake. Ila mimi nafanya kazi na karatasi."

"Wazee walisema penye ukweli uongo hujitenga."

"Labda, bibi. Humu ndani uongo nao hujaza fomu kwanza."

Alojz alishukuru, akavaa kofia. Karani akaitisha tambara la kupangusia sakafu.

Jumamosi ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimbaji. Bendi ilipita mtaani asubuhi kama kila mwaka, na Alojz alisimama mstarini na wenzake kwa sare iliyopigwa brashi vizuri kuliko zote. Wale waliosema Ujerumani walimsogelea wakampa mkono, kisha wakapangusa viganja. Msimamizi wa zamani, mzee mwenye nishani mbili, akapanda jukwaani na hotuba yake ileile. Alisema siku ya maji Mgodi wa Klara haukupoteza hata mtu mmoja. Macho yake yalimpita Alojz bila kukwama. Watu wakapiga makofi.

Elfryda alitaka kupaza sauti. Alojz akamshika kiwiko.

"Mwache. Ni kweli," akasema, kidevu juu. "Sikumpoteza hata mmoja."

Elfryda alilia hapohapo mbele ya bendi, na hakujifuta. Hakuwahi kujivuna hivyo, hata siku ya ndoa yao.

Jumatatu Dorota alikuja na ubavu mpya wa rejeta. Nyumba ilikuwa baridi, na Alojz mwenyewe alisema mfumo haufai kukaa mtupu majira kama yale, halafu yeye maji anayajua. Akambusu mkewe utosini, akateremka chini ya nyumba kwenye boila, na Dorota alipofungua koki akaingia pamoja na maji, kichwa kwanza safari hii. Kibati alimwachia mkewe. Elfryda alikitundika kwenye msumari jikoni.

Moto ulipokolea, rejeta ya chumbani ikagonga. Mara tatu, kimya, mara tatu. Dorota akatoa kiufunguo chake mfukoni.

"Kuna hewa, bibi. Niitoe?"

"Si hewa," Elfryda akasema. "Yuko kazini."